Uliza Fundi: Vumbi la Karakana ya Nyumbani Litolewe Vipi?

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Bamburi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifanya useremala nyumbani kila nitokapo kazini. Chumba changu kina upana wa mita 3, urefu wa mita 4 na nusu, na dari iko mita 2.8 kutoka sakafuni. Upande mmoja kimeshikana na jikoni, na upande wa pili kuna uchochoro ambako jirani huanika nguo. Nina msumeno wa meza wa inchi 10, randa ya mashine ya inchi 12, na mashine ndogo ya mkono ya kupigia msasa. Mbao zangu ni mvule, mbambakofi nikiipata, na MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa makabati. Kila nikimaliza kazi vumbi huwa limetanda hadi kwenye masufuria, mke wangu amechoka kunisema, na kifungua mimba wetu amekuwa akikohoa usiku. Dukani nimeonyeshwa mashine ya kufyonza vumbi yenye mifuko miwili na mota ya nguvu za farasi 2, na nyingine ndogo yenye pipa, iliyo mfano wa ile ya kusafishia mazulia. Je, ninunue ipi? Mabomba niyapitishe vipi? Ni kweli kwamba bomba la plastiki huweza kusababisha mlipuko? Na nikishaufunga mtambo huo, nitaweza kuacha barakoa?
Seremala wa Jioni, Bamburi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya mashine yoyote, mpeleke huyo mtoto kwa daktari, na usisahau kumweleza daktari kwamba jikoni kwenu kumeshikana na karakana, kwa sababu vumbi la mbao, na hasa la mvule, linajulikana kwa kuamsha pumu na kuwasha ngozi. Wakati unangoja mambo mengine yatengenee, mlango wa jikoni ufungwe kila unapofanya kazi, uwazi ulio chini yake uzibwe kwa kitambaa kibichi, na nguo za kazi zivuliwe hukohuko karakanani. Vumbi lililokamata shati huingia nalo hadi chumba cha kulala, na mtoto anayekimbilia kumkumbatia baba yake hulipokea usoni.

Sasa tuingie kwenye vumbi lenyewe. Mafundi wengi hupima usafi wa karakana kwa kutazama sakafu, nao hukosea. Maranda yanayorundikana chini ya mashine ni uchafu tu: huteleza, hukera, hushika moto, lakini hayaingii mapafuni, kwa kuwa ni mazito na pua huyazuia. Vumbi linalodhuru ni lile la chembe zilizo chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ujue kwamba unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe hizo hazionekani zikiwa mojamoja, na huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, ndiyo maana wewe hupangusa meza usiku na asubuhi ukaikuta na utando mpya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliingiza vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, kutokana na saratani ya ndani ya pua iliyoonekana kwa maseremala na watengenezaji wa samani. MDF ina lake zaidi: gundi inayoshikanisha nyuzi zake kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali iitwayo fomaldehaidi, ambayo nayo iliwekwa katika kundi hilohilo mwaka 2004.

Ili uone jinsi kiasi kinachodhuru kilivyo kidogo, chukua kanuni ya Uingereza, ambako mfanyakazi haruhusiwi kuvuta hewa yenye zaidi ya miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Chumba chako kina mita za ujazo 38 hivi. Ukizidisha, utaona kwamba chumba kizima hufikia kikomo hicho kwa vumbi lililo karibu sehemu moja ya kumi ya gramu, yaani pungufu ya chumvi unayoibana kwa ncha za vidole viwili. Sasa fikiria kiasi unachokitoa ukipiga msasa mlango mmoja wa kabati.

Nami niliwahi kudanganyika. Miaka iliyopita nilinunua mashine ya mifuko miwili kama hiyo uliyoonyeshwa, nikaifunga ndani, na sakafu yangu ikawa safi kiasi cha kuwaita wenzangu waje waone. Jioni moja stima zilipotea nikiwa katikati ya kazi, nikawasha tochi nitafute mlango, na katika ule mwanga mmoja uliokata giza nikaona hewa ya chumba imejaa chembe zinazocheza kama wadudu kwenye taa. Nilipoumulika mfuko wa juu wa mashine, ambao bado ulikuwa umetuna, niliona vumbi likitoka katika nyuzi zake kama moshi mwembamba. Mfuko ule ulikuwa wa kuzuia chembe za mikroni 30 kwenda juu. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa mashine yangu ilikuwa ikikusanya vumbi lisilo na madhara makubwa, na lile la hatari ikilirudisha chumbani na kulieneza vizuri zaidi kuliko ambavyo lingeenea lenyewe. Tangu siku hiyo, tochi ndiyo kipimo changu: usiku zima taa, washa mashine, mulika kwa pembeni na utazame. Wakaguzi wa viwanda hutumia taa ya namna hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu mkuu kwa mtu wa Mombasa ni huu: hewa iliyofyonzwa itolewe nje, isirudishwe chumbani. Maelezo mengi ya mitambo hii yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi, ambao hulipia kupasha moto hewa ya karakana na hawawezi kuitupa, kwa hiyo hulazimika kununua vichujio vya bei kubwa ili hewa ileile izunguke. Sisi hatuna joto la kuhifadhi. Tunalo la kugawa. Mashine inayovuta mita za ujazo 1,000 kwa saa hubadilisha hewa ya chumba kama chako zaidi ya mara 25 katika saa moja, na hiyo peke yake ni nafuu kwa fundi anayetoka jasho. Sharti ni moja tu, kwamba hewa mpya ipate pa kuingilia. Ukifunga madirisha yote mashine hukabwa koo, na kitakachovutwa ni hewa ya jikoni kupitia chini ya mlango, pamoja na harufu ya samaki anayekaangwa.

Nje ni wapi, basi? Si uchochoroni, kwa nguo za jirani. Jirani akifika kwa chifu na shuka nyeupe iliyogeuka rangi ya mvule hutakuwa na la kujitetea. Hukunieleza ukuta wako wa nyuma unaelekea wapi, lakini ukiwa unatazama magharibi umebahatika, kwa kuwa kaskazi hutujia kutoka upande wa kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, na hivyo ukuta wa magharibi huwa nyuma ya upepo karibu mwaka mzima. Mtambo wenyewe ungeuweka hukohuko nje, chini ya kibanda kidogo cha mabati chenye wavu wa chuma na kufuli, ili chumbani kuingie bomba tu. Utapunguza kelele ndani, ingawa hazitapotea bali zitahamia nje, kwa hiyo usiwashe mashine watu wakiwa wamelala mchana au msikiti ukiwa katika swala. Mifuko uiache, kwa ajili ya majirani, lakini uinunue mizuri ya mikroni 1, na wakati wa masika uikague mara kwa mara: mfuko ulioloa hushikamana na unga ukawa kama uji ulioganda, na mashine inabaki kunguruma bila kuvuta kitu. Skrubu na vifungo vyote vipake grisi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

Ukipata pipa la lita 200 lenye mfuniko, au hata ndoo imara, unaweza kuweka kitenganishi cha mzunguko kabla ya mashine. Hicho ni chombo cha umbo la pia, ambamo hewa huingia kwa ubavuni, ikazunguka, vipande vizito vikatupwa ukutani na kuanguka pipani, na vumbi jepesi likaendelea na safari hadi kwenye mifuko. Chaokoa mifuko, chaokoa feni isigongwe na vipande vya mbao, na kumwaga pipa ni rahisi kuliko kung'ang'ana na mfuko uliojaa. Wako mafundi ambao, wakishaweka kitenganishi kizuri na wakiwa hawana jirani karibu, huondoa mifuko kabisa. Wewe unaye jirani, kwa hiyo usiwaige. Na yeyote atakayefanya hivyo amwite fundi wa stima apime ampea za mota, kwa sababu feni ya aina hii ikipunguziwa kizuizi huvuta hewa nyingi zaidi, na mota hubeba mzigo mkubwa zaidi hadi ikaweza kuungua.

Nikirudi kwenye swali lako la mashine mbili, tofauti yake si ukubwa bali ni tabia. Ile ndogo yenye pipa huvuta hewa kidogo kwa nguvu nyingi, na nguvu yake ya mvuto hufikia mara kumi hivi ya ile ya mifuko. Ndiyo maana huweza kuvuta kupitia mpira mwembamba wa milimita 35. Ile ya mifuko huvuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo: hufaa kwa bomba pana, na ukiibana kwa mpira mwembamba hukata tamaa mara moja. Haziwezi kushikiana zamu. Msasa wa mkono unaitaka ya kwanza, randa na msumeno wa meza vinaitaka ya pili.

Kama fedha zinatosha moja tu kwa sasa, nitakushauri kinyume cha atakavyokushauri mwenye duka: anza na ile ndogo, yenye kichujio cha daraja la HEPA, yaani kinachonasa hata chembe nyembamba kabisa, uiunge na mashine ya msasa, kwa kuwa msasa ndio unaotoa vumbi jembamba kuliko yote. Randa, ambayo hutoa vipande vikubwa vinavyoanguka papo hapo, waweza kuitoa uani siku za kazi. MDF ikatie hukohuko unakoinunua, kwani maduka mengi ya mbao hukukatia kwa vipimo ulivyoandika kwenye karatasi, na vumbi lake likabaki huko. Ukifika wakati wa mashine kubwa utakuwa umeshalipunguza vumbi baya kwa gharama ndogo.

Mabomba yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Jaribu kuzima mshumaa kwa kuupuliza: utauzima ukiwa mbali na urefu wa mkono. Kisha jaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Hutaweza hata ukiusogeza karibu na midomo hadi masharubu yaungue. Hewa inayopulizwa husafiri katika mkondo mmoja, lakini hewa inayovutwa hutoka pande zote, kwa hiyo mvuto hufifia upesi mno. Ukiwa na bomba la inchi 4, ukisogea inchi 4 tu kutoka mdomoni mwake mwendo wa hewa huwa umebaki karibu sehemu moja ya kumi. Kuning'iniza bomba juu ya meza ukitumaini litakusanya vumbi ni sawa na kutega ndoo barazani ukitumaini mvua ya Likoni. Bomba lifike pale meno ya msumeno yanapokutana na mbao, na mashine izungushiwe kisanduku ili vumbi lisipate pengine pa kwenda isipokuwa bombani. Chini ya msumeno wako wa meza ziba uwazi kwa plaiwudi na tepu, uache tundu la bomba na upenyo mdogo wa hewa; juu yake weka kinga ya msumeno yenye bomba lake jembamba, kwa sababu sehemu ya vumbi hurushwa juu, usoni pako.

Hewa ndani ya bomba inatakiwa iende kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde ili vipande visitulie njiani. Kwa kasi hiyo bomba la inchi 4 hupitisha mita za ujazo 580 hivi kwa saa, na la inchi 6 hupitisha 1,300 hivi. Hesabu ni ya eneo la mdomo wa bomba, wala haihusiani na maneno ya mwuzaji. Idadi iliyoandikwa kwenye kasha la mashine imepimwa bila bomba wala uchafu kwenye mifuko. Ukishaunga kila kitu, mara nyingi hubaki nusu yake au zaidi kidogo. Kwa hiyo shina la bomba liwe la inchi 6 tangu ukutani hadi kwenye matawi, ufungue tawi moja tu kwa wakati mmoja, na kila tawi liwe na kilango cha kusukuma kwa mkono, ambacho unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa vipande viwili vya plaiwudi na kibao chembamba katikati. Usisahau kilango: tawi lililoachwa wazi humwibia mwenzake.

Bomba la kijivu la PVC, lile la maji taka, linatosha, na fundi bomba yeyote wa mtaani kwenu anayo maungio yake. Kwenye kona usitumie elbo moja kali ya nyuzi 90. Tumia mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati. Matawi yatoke kwa ungio la mshazari, lenye umbo la herufi Y, na mshazari uelekee kule hewa iendako. Ungio la umbo la T hugonganisha hewa na kutengeneza mahali pa maranda kukwama. Mpira unaojikunja, wenye mbavumbavu ndani, tumia kidogo iwezekanavyo, kiasi cha mita moja kufikia mashine, kwani hizo mbavu hukaba hewa kuliko bomba laini la urefu huohuo. Nimeona karakana yenye mpira wa mita 6 uliozungushwa ukutani kama kamba ya jahazi, na mwenyewe akilaumu mota.

Kuhusu mlipuko, habari hiyo imekuzwa. Katika karakana ndogo ya nyumbani, bomba la PVC hupata umeme wa msuguano unaoweza kukushtua, na mshtuko huo ni mbaya kwa sababu moja: mkono ukiruka karibu na msumeno unaozunguka, hujui utatua wapi. Pitisha waya mtupu wa shaba juu ya bomba, uunge sehemu za chuma za mashine, na uufikishe kwenye ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Basi. Jambo la kuogopa ni cheche. Wengi hapa Pwani hununua mbao za majahazi yaliyovunjwa, nzuri kwa sura, na ndani yake mmejaa misumari iliyozama. Msumeno ukigonga msumari, cheche huvutwa moja kwa moja hadi kwenye mfuko uliojaa unga mkavu, na unga huo huweza kufukuta polepole saa nzima baada ya wewe kwenda kula. Mbao za namna hiyo zikague kwa sumaku, na siku hiyo usiondoke kabla ya kuugusa mfuko na kuusikia kama una joto. Grainda isitumike kabisa karibu na mdomo wa bomba. Na kama kuna paa la makuti popote karibu na kibanda cha mtambo, kihamishe kibanda.

Umeme usiupuuze. Mota ya nguvu za farasi 2 na msumeno wa wati 1,800 vikiwaka pamoja hupita wati 3,120, ambazo ndizo soketi ya ampea 13 inazoweza kubeba kwa volti 240, bila kuhesabu mruko wa kuwasha. Kila mashine iwe na soketi yake, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, na zile ekstensheni nyembamba za kuwashia redio uziache sebuleni.

Ukishafunga, jaribu mvuto kwa kipande cha karatasi laini ya chooni kilichofungwa kwenye kijiti, ukikipitisha kwenye kila mwanya. Kinapovutwa ndani pana kazi, kinaponing'inia tu pana tatizo. Rafiki yangu mmoja alinipendekezea moshi wa udi, na ni kweli moshi huonyesha njia ya hewa vizuri sana, lakini chetezo chenye makaa mbele ya bomba linalovuta kwenye mfuko wa unga wa mbao ni shauri ambalo nimemwachia yeye mwenyewe. Pangaboi nalo lizime unapopiga msasa, kwa maana huliinua vumbi na kulitoa kwenye mkondo wa bomba. Ukishindwa na joto, weka feni ya kusimama ubavuni mwako ikielekea dirisha lililo upande wa kutokea hewa.

Na barakoa, la, hutaiacha. Mtambo hupunguza vumbi, haulimalizi. Kwa hiyo unapopiga msasa, unapokata MDF na unapomwaga pipa, uivae, na baada ya kuzima msumeno uuache mtambo uendelee kwa dakika kama kumi kabla ya kuivua.

SWALI: Assalam aleikum, Bwana Fundi. Mimi ni mchongaji wa milango hapa Mji wa Kale. Kazi yangu ni ya patasi zaidi kuliko mashine, lakini kumalizia hupigwa msasa, na ukifika wakati huo hujifunga shali puani. Mwanangu ameniletea barakoa za N95 lakini nahisi vumbi linapita. Ndevu zangu ni ndefu na sina nia ya kuzinyoa. Nifanyeje?
Mchongaji, Mji wa Kale

JIBU: Waaleikum salam, maalim. Shali huzuia maranda, halizuii vumbi jembamba, na zile barakoa nyepesi za hospitali ni vivyo hivyo, kwa kuwa hewa hupita pembeni mwake. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya zile chembe ambazo ni vigumu zaidi kuzichuja, na FFP2, ambayo ni ya vipimo vya Ulaya, angalau asilimia 94. Lakini hesabu hizo ni za kitambaa chenyewe, nazo huwa na maana pale tu ukingo unaposhikana na ngozi. Ndevu hufungua njia, na hewa kama maji hufuata palipo rahisi. Unachohisi ni kweli, na mwanao hakununua vibaya.

Hakuna haja ya kunyoa. Viko vifaa vya kofia au kioo cha uso vyenye feni ndogo na betri kiunoni, ambavyo husukuma hewa iliyochujwa usoni hivi kwamba hewa hutoka nje kupitia ukingo badala ya kuingia. Chagua kile chenye kitambaa kinachozunguka uso au kichwa chote, si kile cha kubana kidevu. Bei yake ni kubwa, sikufichi, na betri lazima ichajiwe. Kwa mtu anayechonga mbambakofi kwa riziki ya kila siku naiona ni zana kama patasi.

Wakati unakitafuta, hamisha msasa barazani na ukae upepo ukiwa ubavuni mwako, usikutoke nyuma: ukikutoka nyuma, hewa hujikunja mbele ya kifua na kuleta vumbi usoni. Pale panapokubali umbo la nakshi, tumia kikwaruzo cha bati badala ya msasa. Hutoa maranda membamba yanayoanguka, si unga unaoelea. Mwisho, usipulize nakshi kwa mdomo. Tumia brashi laini, ukiwa umeshika mdomo wa mashine ya kufyonza kando yake.

SWALI: Mimi ni mama mfuga kuku, Likoni. Jirani yangu seremala ananipa unga wa mbao bure wa kutandika bandani, na mwingine nautumia kwenye jiko. Je, una madhara?
Mama Kuku, Likoni

JIBU: Mama, muulize jirani unga huo umetoka kwenye mbao gani. Maranda makubwa ya mbao zisizotiwa dawa, kama vile saiprasi, ni matandiko mazuri, hunyonya unyevu na kukauka upesi. Ule unga mwembamba unaotoka kwenye mifuko ya mashine usiuchukue: kuku hupekua siku nzima, huuinua, na huuvuta kama sisi. Unga wa MDF usiingie bandani wala jikoni, kwa sababu ya ile gundi.

Kinachonitia hofu zaidi ni jiko. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya ukijani, aghalabu huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki haiungui. Nyingine hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi. Majivu hayo ukiyatumia kusugulia sufuria au kuyamwaga kwenye mchicha umeirudisha sumu mezani. Kama jirani hukata mbao za kila aina na kuzikusanya pipa moja, mwombe akuwekee gunia pembeni siku anapopiga randa saiprasi tupu, na magunia mengine yote mwachie yeye.